Somo: Usharika Unapotaka Kununua Pikapu Iliyotumika



Ombi linaloletwa mara kwa mara katika ofisi yetu ya miradi ni ombi la gari, na mara nyingi kamati huandika kwamba pikapu ndogo iliyotumika itatosha. Hitaji hilo ni la kweli. Mahindi ya sikukuu ya mavuno yanahitaji kufika Songea, saruji inahitajika kwenye jengo la mtaa, mbolea na mizinga ya nyuki vinasubiriwa na vikundi, na usiku mwingine mgonjwa anahitaji kufikishwa hospitali. Somo hili si la kuwakatisha tamaa. Ni la kuketi kwanza na kuhesabu gharama, kama Bwana wetu alivyofundisha kwa mfano wa mtu aliyetaka kujenga mnara (Luka 14:28-30).

Tunaanza na kosa letu wenyewe, ili tusionekane kufundisha tusiyoyapitia.

1. Tulivyokosea

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na fedha za mradi wa kilimo ambazo zilitakiwa zitumike kabla ya mwisho wa Desemba. Muda ulikuwa mfupi. Tulituma watu wawili Dar es Salaam, wote waaminifu, lakini hakuna aliyekuwa fundi. Walirudi na pikapu ya dabo kebini yenye rangi inayong'aa na viti safi. Iliposimama mbele ya ofisi tuliiombea na kupiga picha, na picha hizo tukawatumia wafadhili.

Katika safari ya tatu, tukipanda mlima wa Lukumburu na mzigo wa mbegu, injini ilichemka. Fundi alipofungua alikuta silinda hedi imepasuka na iliwahi kuchomelewa. Alipolala chini ya gari alituonyesha kiraka cha chuma kwenye chasisi, kimefunikwa kwa rangi nyeusi. Hatukuwa tumetenga hata shilingi moja ya matengenezo. Gari lilikaa chini ya mwembe miezi saba. Mvua za masika hazikutusubiri. Vikundi vya upande wa Mpitimbi na Muhukuru vilipata mbegu kwa kuchelewa, na baadhi ya akina mama walipanda wakati majirani zao wanapalilia. Mavuno yao yalikuwa hafifu.

Aliyetuuzia hakutuambia ukweli. Lakini tulipokaa chini tuliona kwamba makosa makubwa mawili yalikuwa yetu: tulinunua kwa haraka ya kumaliza bajeti, na tulidhani kununua ndiko kumiliki.

2. Je, mnahitaji pikapu kweli?

Andikeni safari za miezi mitatu iliyopita: mlikwenda wapi, na mzigo gani, kilomita ngapi. Mkikuta safari ni mbili kwa mwezi, kukodi kutawafaa zaidi. Kama mizigo ni midogo na njia ni za mjini, kirikuu inatosha, lakini kumbukeni kwamba magari hayo madogo ya Japani yametengenezwa kubeba kilo 350 tu, yaani magunia matatu na nusu ya mahindi ya kilo 100. Pikapu ya kawaida hubeba takribani tani moja, yaani magunia kumi. Si magunia kumi na nane ya lumbesa! Springi zinazovunjika na tairi zinazopasuka huku kwetu mara nyingi zimevunjwa na lumbesa kabla ya kuvunjwa na barabara.

Singo kebini hubeba mzigo mwingi zaidi nyuma na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Dabo kebini ni nzuri kwa watumishi wengi, lakini bodi yake ni fupi. Chagueni kwa kuangalia daftari la safari, wala msiangalie heshima ya gari.

3. Mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

*Umri wa gari.* Watu husema, "Hili lina namba mpya, bado jipya." Herufi za namba huonyesha gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania, hazionyeshi limetengenezwa lini. Gari la namba mpya linaweza kuwa limezunguka Japani miaka kumi na tano kabla ya kuletwa. Ulizeni mwaka wa kutengenezwa na muulinganishe na kadi.

*Lilikotoka.* Kwa Toyota Hilux, ambayo wengi huitaka, ni vizuri kujua kwamba kampuni iliacha kuiuza Japani mwaka 2004 na ikairudisha mwaka 2017, ikitengenezwa Thailand. Kwa hiyo Hilux iliyotumika Japani kwa kawaida ni ya zamani sana au ni ya miaka ya karibuni na bei yake ni kubwa. Za katikati hutoka Thailand, Afrika Kusini, Uingereza, au katika minada ya miradi na taasisi za hapa nchini. Muuzaji akisema Hilux ya 2010 ilitumika Japani, mwombeni karatasi.

*Injini.* Injini za zamani za dizeli za Hilux, yaani 2L, 3L na 5L, hazina nguvu nyingi, lakini pampu yake ni ya kawaida na fundi wa Mbinga au Namtumbo anaweza kuitengeneza. Injini mpya zaidi, kama 2KD, zina nguvu na hula mafuta kidogo, ila nozeli zake hazivumilii maji wala uchafu. Kama gari lenu litanunua dizeli ya kwenye madumu vijijini, fikirieni sana jambo hili. Injini hizo zote nne zina mkanda wa taiming'i, na kwa 2L, 3L na 5L hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama muuzaji hana kumbukumbu, wekeni mkanda mpya siku ya kwanza. Ukikatika, injini inaweza kuharibika kabisa.

*Kuwasha.* Mwambieni muuzaji mtafika asubuhi na mapema, naye asiwashe gari kabla yenu. Injini ikiwa baridi husema kweli. Moshi wa buluu ni dalili ya kula oili. Moshi mweupe usioisha, maji yanayopungua kwenye rejeta, au oili yenye rangi ya maziwa ni dalili za hedi.

*Chini ya gari.* Lala chini au peleka gari gereji yenye shimo. Tafuta kutu, sehemu zilizochomelewa, na rangi mpya mahali ambapo hakuna sababu ya kupaka rangi. Soma namba ya chasisi kwenye chuma chenyewe, wala si kwenye karatasi tu.

*Kilomita.* Namba za dashibodi hurudishwa nyuma. Angalia pedali za klachi na breki, usukani na kiti cha dereva. Pedali iliyolika na kilomita 60,000 havikai pamoja.

*Mlima na mzigo.* Liendeshwe likiwa na mzigo, kwenye kupanda na kushuka, si kuzunguka mtaa tu. Kama gari lina gia ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, ijaribuni kwenye udongo laini. Mwezi wa Februari kwenye udongo mwekundu wa Umatengo hakuna wakati tena wa kujaribu.

Mlipeni fundi wenu wenyewe kwa kazi hii, na asiwe amependekezwa na muuzaji. Malipo yake ni madogo kuliko hedi moja.

4. Karatasi

- Kadi halisi ya gari ilingane na namba ya chasisi, namba ya injini na jina la anayeuza.
- Gari la mradi lenye namba za DFP, au lolote lililoingia kwa msamaha wa kodi, lina kodi inayopaswa kulipwa linapohamia kwa asiye na msamaha. Ulizeni TRA kwanza, kwa sababu bei rahisi ya mnadani inaweza kuwa na deni ndani yake.
- Kwa gari linaloagizwa nje, kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, na ushuru wa nyongeza kwa magari yenye umri mkubwa. TRA wana kikokotoo kwenye tovuti yao. Tumieni hicho, msitegemee maneno ya wakala.
- Kagueni faini za barabarani kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, na stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA.
- Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, na umiliki uhamishwe mara moja.
- Gari liandikwe kwa jina la wadhamini wa kanisa kupitia dayosisi, lisiandikwe kwa jina la mchungaji, mtunza hazina wala mzee wa kanisa hata kama anaaminika kiasi gani. Mwenye jina akifariki, gari huingia kwenye mirathi, na usharika hubaki ukigombana na wafiwa.
- Mkitaka kubeba mizigo ya watu kwa malipo, gari lisajiliwe la biashara, kwa namba nyeupe badala ya njano, na mpate leseni ya LATRA.

5. Gharama ya kila kilomita

Hapa ndipo sharika nyingi huanguka. Tuchukue mfano, nanyi mtaweka bei zenu.

Pikapu inakwenda kilomita 10 kwa lita, na lita ni shilingi 3,000: mafuta ni shilingi 300 kwa kilomita. Oili na vichujio ni shilingi 250,000 kila kilomita 5,000: shilingi 50. Tairi nne za shilingi 1,200,000 zinadumu kilomita 40,000: shilingi 30. Spea na matengenezo, tutenge shilingi 120. Gari lilinunuliwa milioni 28, na baada ya kilomita 80,000 tutaliuza milioni 12. Milioni 16 zilizopotea ni shilingi 200 kwa kilomita. Dereva, bima na ukaguzi ni milioni 6 kwa mwaka, na gari linakwenda kilomita 15,000: shilingi 400. Jumla ni shilingi 1,100 kwa kila kilomita.

Sasa, kutoka Songea kwenda Tunduru na kurudi ni kama kilomita 520. Kamati huona shilingi 156,000 za mafuta na kusema safari imelipiwa. Kweli yake ni shilingi 572,000. Zile 416,000 ambazo hazikulipwa hazikusamehewa. Zinasubiri kwenye tairi, kwenye klachi, na kwenye siku ambayo gari litahitaji kubadilishwa na sanduku liko tupu.

Kwa hiyo kila safari ilipiwe bei kamili na yule anayetumia gari, iwe ni mradi, kwaya, harusi au ofisi ya mchungaji. Kinachozidi mafuta kiwekwe kwenye akaunti ya gari peke yake. Safari ya mgonjwa isikataliwe kwa kukosa fedha, ila usharika uilipie kutoka fungu la huduma, na iandikwe.

6. Anayelitunza

Gari la wote bila mtunzaji ni gari la yatima. Chagueni mtu mmoja mwenye ufunguo na daftari. Kila safari iandikwe tarehe, kilomita za kutoka na kurudi, mafuta, mzigo na sahihi. Dereva apime oili na maji kila asubuhi. Kamati isome daftari kila mwezi.

Tunasisitiza jambo moja kwa uchungu: wanakwaya na waombolezaji wasipakiwe nyuma ya pikapu. Bodi ile ni ya mizigo. Someni mkataba wa bima muone kama unamtaja mtu aliyekaa juu ya magunia. Tukodi basi dogo, au twende wachache.

7. Kwa marafiki wanaochangia

Tulipoharibikiwa tuliwaandikia ukweli wote, na picha ya gari chini ya mwembe. Haikuwa barua rahisi. Lakini hawakutuacha. Walitusaidia kununua singo kebini ya zamani yenye injini ya 3L, iliyokaguliwa na fundi wetu. Rangi yake imepauka, lakini ina daftari na akaunti yake, na msimu uliofuata mbegu zilifika Muhukuru kabla ya mvua. Tunawaomba mnapotoa gari mtuulize swali hili: nani atalipia mwaka wa pili?

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika miezi mitatu iliyopita tulisafiri kilomita ngapi, na kukodi kuligharimu kiasi gani?
2. Tukiweka bei za kwetu, kilomita moja ni shilingi ngapi?
3. Nani ataweza kumwambia mchungaji au mwenyekiti, kwa upendo, kwamba safari yake haijalipiwa?
4. Kama gari likiharibika kesho, tuna akiba ya kulirudisha barabarani?

Kamati ikiweza kujibu maswali haya manne, ilete ombi lake, nasi tutaketi nayo.