Maji ya Shimo la Msingi Yamwagwe Wapi?

Ndugu wanakikundi, mkichimba msingi Amu mkakuta maji, msiwashe pampu kwanza. Fundi atasema, "Ni siku moja tu." Msikubali! Maji matamu chini ya michanga ya Shela, yanywewayo mjini, yamekalia maji ya chumvi. Yakishuka futi 1, chumvi yaweza kupanda hadi futi 40, na visima vya jirani viharibike.

Sheria ya Maji ya 2016 yataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwa kukausha ardhi. Maji machafu ya dizeli au saruji ni leseni ya NEMA. Mtaro nao huishia baharini.

Jadilini: Visima vingapi viko karibu na shimo lenu? Nani atavionja kabla ya pampu kuwashwa?