Agiza Chakula Kabla ya Kushika Fimbo

Anayekwenda Jinja na Mbale kucheza gofu na kula vizuri apange chakula kwanza. Viwanja vyote viwili ni vya mashimo 9, mzunguko wa saa mbili hivi. Luwombo, yaani kuku au nyama iliyofungwa kwenye jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke, huweza kukaa jikoni muda mrefu kuliko huo.

Jinja iko kilomita 80 hivi mashariki mwa Kampala, na uwanja wake u karibu na mto Nile. Umepata sifa kwa kanuni moja: mpira ukitumbukia katika unyayo wa kiboko, unauokota na kuusogeza bila adhabu. Piga simu klabuni kabla ya kwenda, maana siku za mashindano mgeni anaweza kukosa nafasi. Vaa shati lenye kola, na mpatane na kedi ujira wake mapema.

Mkitoka uwanjani, tafuteni sato mzima wa kukaanga, kwa viazi vitamu, chakula ambacho Msoga, mwenyeji wa Jinja, hakichoki. Mikahawa ya kitalii hukuletea minofu mitupu kwenye sahani pana, kwa bei ya juu. Mimi namtaka na kichwa chake.

Kwenda Mbale pitia Iganga na Tirinyi, kilomita 150 hivi, safiri mchana. Huko unacheza ukitazama mwamba wa Wanale, na chakula cha kuulizia ni malewa: machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, yaliyokaushwa kwa moshi. Hulowekwa, huchemshwa mpaka yalainike na uchungu upungue, kisha hupikwa na karanga zilizosagwa. Rojo lake ni zito, lina harufu ya moshi, na huliwa na matoke. Si hoteli zote huwa nayo tayari, basi agiza tangu jana yake. Anayedhurika na karanga asiyaguse. Sokoni huuzwa makavu. Chagua yasiyo na ukungu.

Kahawa ya arabika ya miteremko hiyo inywe Sipi, kwenye maporomoko, ambako wakulima humwonyesha mgeni namna ya kuitwanga na kuikaanga.

Miaka inayogawanyika kwa mbili, Agosti hufunguliwa msimu wa imbalu, tohara ya Wagisu, wenyeji wa Mbale. Ngoma hujaa barabarani na vyumba huadimika, kwa hiyo weka nafasi mapema.