Sumu ya kazini, sumu ya chunguni

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumbani,

Sianidi ni sumu inayotumiwa katika viwanda vya dhahabu kutoa dhahabu ndani ya mawe yaliyosagwa. Mfanyakazi haishiki bila glavu. Lakini je, unajua kwamba sumu hiyo hiyo inatoka katika muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri?

Kwetu Lusangi, kama Kasongo na Kabambare, muhogo ni chakula cha kila siku. Anayekula muhogo wenye sumu kwa majuma mengi, bila samaki, nyama wala maharagi, anaweza kupata ugonjwa wa konzo. Mtoto analala mzima, anaamka miguu yote miwili imekakamaa. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si uchawi. Lakini hauna dawa ya kuuponya, kilema kinabaki. Unawashika hasa watoto waliopita miaka mitatu na akina mama wenye umri wa kuzaa.

Unatokana na nini? Haraka na njaa. Katika nchi yetu, Daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 huko Kwango. Baadaye, upande wa Bandundu, biashara ya muhogo kwenda Kinshasa ilipokua, watu walipunguza siku za kulowesha: badala ya tatu, moja. Huko Tarime, Tanzania, mwaka 1985, ukame uliwafanya watu wale muhogo mchungu kabla sumu haijatoka.

Basi tufanye hivi:

1. Muhogo mchungu ukae ndani ya maji siku tatu au zaidi, mpaka ulainike kabisa, ndipo uanikwe. Jua peke yake halitoshi.

2. Ukiwa na shaka juu ya unga, uchanganye na maji, uutandaze mwembamba, usipite sentimeta moja. Uache juani saa mbili au kivulini saa tano, sumu itoke hewani. Upike siku ile ile.

3. Sombe itwangwe vizuri, ichemshwe sana, chungu kikiwa wazi.

4. Mtoto asile bukari na sombe tu. Mpe ndakala, samaki, yai au maharagi. Vyakula hivi vinausaidia mwili kuigeuza sumu, itoke kwa mkojo.

Baba, siku ya mshahara nunua ndakala kabla ya pombe. Mtoto akianza kujikwaa au kutembea kwa vidole, mlete dispensari siku hiyo hiyo.

Kungoja muhogo ni siku tatu. Kilema cha mtoto ni cha maisha yote.