Dondoo muhimu: Kumalizia na kusafisha nyumba mpya kifamilia

Fundi akishafunga mkoba wake, nyumba bado ina vumbi la saruji, matone ya rangi na misumari. Kidole kimoja hakivunji chawa, gawaneni kazi.

• Ukaguzi kwanza. Fungueni kila bomba, jaribuni kila swichi, mwageni maji bafuni muone kama yanaelekea kwenye tundu. Kasoro ikutwe kabla ya fundi kulipwa salio.

• Anzieni juu. Dari, kuta, madirisha, sakafu mwisho. Ukianza na sakafu utairudia.

• Fagieni kabla ya kudeki. Mchanga ukiburuzwa na dekio hukwaruza vigae.

• Saruji kwenye vigae. Lainisheni kwa siki iliyochanganywa na maji, sugueni, kisha suuzeni vizuri. Msitumie siki kwenye marumaru au terazo, asidi huila.

• Rangi kwenye vioo. Lowesheni kwa maji ya sabuni, kwangueni taratibu kwa wembe.

• Jiki isikutane na siki wala dawa ya choo yenye asidi. Hewa inayotoka ni sumu.

• Simtangi. Lisafisheni na mwageni maji ya kwanza kabla ya kuanza kulitumia.

• Kila mtu na kazi yake. Wakubwa wapande ngazi, wakiwa na barakoa na glavu. Watoto wafute vitasa na kupanga vyombo. Misumari na vioo vilivyovunjika waokote watu wazima, wakiwa wamevaa viatu.