Diski mpya ilipogoma Fundo

Usiku wa pili tangu nifunge diski mpya, kisanduku kikalia tena, mlio ule ule uliotuamsha ilipokufa diski ya zamani. Nikafungua ukurasa wake kwenye simu: diski ya 2 haionekani. Nikazima, nikawasha, ikaonekana. Hazikupita dakika ishirini ikapotea.

Kisanduku chetu kina diski mbili za terabaiti 4, kimeungwa na ruta, na kila mwenye simu nyumbani huweka vyake humo. Diski zote mbili hubeba kitu kile kile, ili moja ikifa nyingine ibaki. Humo mna picha za harusi, hati za mashamba na saa kadhaa za sauti ya bibi yetu, ambaye sasa ni marehemu, akisimulia jinsi walivyokuwa wakivuka kwenda Wete kwa tanga. Mama aliposikia mlio aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu, sauti ya bibi yako imo?"

"Imo, mama."

Ilikuwamo, lakini kwenye diski moja. Kwa hiyo kabla sijagusa chochote nilinakili kila kitu kwenye diski ya nje. Nakuomba nawe uanzie hapo. Diski mpya inapojazwa, ile iliyobaki husomwa yote, mwanzo hadi mwisho, na kama imechoka inaweza kufia njiani.

Muuzaji aliniambia diski ni mbovu, nimrudishie. Kutoka Fundo, kisiwani kwetu, kurudisha kitu maana yake ni mashua hadi Wete, gari, meli, kisha kungoja. Nilitaka uhakika kwanza. Nikaichomoa, nikaiunga na laptopu kwa kifaa cha USB chenye umeme wake, nikaipima kwa smartmontools, programu ya bure. Itakupa mistari mingi. Mimi hutazama mitatu. Namba 5 ni sehemu za diski zilizokwisha kuharibika na kuhamishwa. Namba 197 ni zile zinazotiliwa shaka. Zote mbili zilisoma sifuri. Namba 199 huhesabu data iliyovurugika njiani, kati ya diski na kifaa kinachoisoma. Hiyo ilisoma 41, kwa diski ya siku mbili! Nikaiachia kipimo kirefu, kikachukua zaidi ya saa nane, ikapita bila kosa hata moja.

Basi diski ilikuwa nzima, na kasoro ilikuwa njiani.

Nikazima kisanduku, nikachomoa waya wa umeme, nikamulika tochi ndani ya nafasi ya pili. Soketi ya SATA ina meno 7 ya data na 15 ya umeme, membamba, ya rangi ya dhahabu. Ya nafasi ya kwanza yaling'aa. Ya nafasi ya pili, yaliyo upande wa dirisha, yalikuwa na utando wa kijani uliokolea pembeni, na jino moja la data lilikuwa jeusi kabisa. Chumvi hiyo. Sisi tunaishi na bahari pande zote, na kusi likivuma hata bawaba za milango zinajua. Diski ya zamani ilikaa pale miaka bila kuchomolewa, ikayafunika meno; siku nilipoitoa ndipo nilipoukwangua utando ukaziba njia.

Nilisafisha kwa alkoholi ya isopropili, ile wanayotumia mafundi simu, na mswaki mpya laini. Usitumie manukato wala spiriti yenye mafuta, yataacha utando mwingine. Piga mswaki kufuata urefu wa meno, usikatize, yasije yakapinda. Meno ya diski yenyewe nikayafuta kwa kitambaa kisicho na nyuzi. Nikaacha kikauke saa nzima, kisha nikaingiza na kuchomoa diski mara tatu, kisanduku kikiwa bado kimezimwa, ili meno yasuguane.

Nilikagua adapta pia, kwa sababu kwetu tunatumia umeme wa jua na betri ikilegea kila kifaa hulalamika. Diski kubwa inapoanza kuzunguka huweza kuvuta ampea 2 hivi kwenye volti 12. Adapta iliyochoka haiwezi kuziamsha mbili kwa pamoja, na dalili zake hufanana sana na hizi. Niliazima nyingine ya volti 12 zile zile, ampea zisizopungua. Haikubadili kitu, nikairudisha.

Kuhusu diski ya kununua: isiwe ndogo hata kidogo kuliko iliyobaki, na uliza kama ni ya CMR, ambayo njia zake za kuandikia hazipandiani. Zile za SMR huandika kwa njia za kupandiana kama vigae, na kuzijaza huweza kuchukua siku badala ya saa. Mwaka 2020 ndipo wanunuzi wengi duniani walipogundua kwamba diski za SMR zilikuwa zikiuzwa kwa ajili ya visanduku kama hivi bila kuelezwa.

Nilianza kuijaza diski yangu mpya saa mbili asubuhi, jua likiwa limeshapanda, ili betri isinitupe. Magharibi ilipoadhiniwa ilikuwa asilimia 97. Nikaenda kusali, niliporudi taa zote mbili zilikuwa za kijani.

Namba 199 haishuki kamwe, hivyo usishtuke ukiiona palepale. Tazama kama inapanda. Yangu ni 41 hadi leo. Mswaki na kichupa cha alkoholi viko kwenye droo chini ya kisanduku, na kila kusi likianza nafungua, namulika.