Dondoo muhimu: Kabla hujamkabidhi mhubiri mgeni mimbari

Kuanzia Mwanjelwa jijini Mbeya hadi Ipogolo mjini Iringa, mabango ya mikutano ya uponyaji hayakauki. Wazee wa kanisa, makatekista na viongozi wa jumuiya, zingatieni haya.

Ulizeni ametoka wapi. Mhubiri aje na barua ya usharika au parokia inayomfahamu. Pigeni simu ofisi hiyo kwa namba mliyoitafuta wenyewe, si iliyoandikwa kwenye karatasi yake.

Dawa zisiachwe. Hapa msilegeze hata kidogo. Mwaka 2011 maelfu walifurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kilichodaiwa kuponya, kwa shilingi 500, na waigaji wakazuka hadi Mbeya. Anayetumia ARV au dawa za kisukari aombewe huku akiendelea na dozi. Akisema amepona, apime hospitali kwanza, ndipo asimame kushuhudia.

Msikimbilie mafuta ya upako. Moshi, 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiyawania.

Sadaka isiende namba binafsi ya simu. Ipitie kwa mhazini, kwa stakabadhi.

Fundisho la siri, au linalomtenga mtu na ndugu zake, lifikisheni kwa mchungaji au paroko siku hiyohiyo. Wafuasi wa mhubiri wa Shakahola, Kenya, walianza kwa kuambiwa waache shule na hospitali. Mwaka 2023 ikafukuliwa miili zaidi ya 400.

Waberoya walimchunguza hata Paulo (Matendo 17:11). Nanyi msione haya kumhoji mtumishi yeyote.