Taa za kuongeza kwenye pikipiki ya kooperative: mbele ya kununua, pima batri

Kooperative moja ya wafugaji upande wa Masisi ilinunua taa mbili kubwa za kuongeza kwenye pikipiki yake ya kubeba maziwa. Kwenye karatoni iliandikwa wati 100. Motari alifurahi sana: saa kumi ya usiku njia yote ilikuwa nyeupe kama mchana. Siku kumi na mbili baadaye, mbele ya kufika Sake, pikipiki ikazimika kwenye mlima na ikakataa kuwaka. Batri ilikuwa imekwisha kabisa. Bidoni tatu za maziwa zikafika Goma saa sita ya mchana na mnunuzi akazikataa. Hakuna mwizi, hakuna bariere, hakuna mvua. Taa ndizo zilikunywa yale maziwa.

Wengine wataniuliza: wewe agronomu, mambo ya taa yanakuhusu nini? Yananihusu sababu mavuno yetu mengi hayaharibikii shambani, yanaharibikia njiani. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta: jua linazama saa kumi na mbili hivi, na nusu saa baadaye ni giza. Maziwa ya Masisi, mashu na karoti za Kibumba, vyote vinapaswa kuondoka mapema sana ili vifike sokoni vikiwa vizuri. Kama unaweza kupanga safari mchana, panga mchana, na saa zilizokatazwa uziheshimu. Lakini najua kuna siku haiwezekani.

Tena njia zetu zina shida yake. Volkano Nyiragongo ilimwaga lava tarehe 17 Januari 2002, ikaingia mpaka katikati ya mji, halafu tena tarehe 22 Mei 2021 upande wa kaskazini ya Goma. Fasi nyingi tunatembea juu ya jiwe jeusi na changarawe nyeusi. Kitu cheusi kinameza mwanga. Taa ambayo inatosha kwenye udongo mwekundu au kwenye kaboni mpya yenye mistari nyeupe, hapa kwetu inaonekana kama imezimika. Kwa hiyo motari anatafuta taa kubwa, na ninamwelewa. Shida iko kwenye ginsi ya kuchagua.

Anza na taa uliyo nayo

Mbele ya kutoa franga, angalia taa ya mbele iliyokuja na pikipiki. Pikipiki ndogo nyingi tunazotumia zina ampule ya wati 35. Ni kidogo, lakini mara nyingi hata hizo 35 hazifiki njiani: kioo kimekuwa cha manjano, vumbi limeingia ndani, au waya ya masi imeshika kutu pale inapofungwa kwenye chuma. Safisha kioo, parua ile kutu mpaka chuma kiangae, funga tena kwa nguvu. Nimeona pikipiki ikipata mwanga wa kutosha kwa kazi hiyo tu, bila kununua kitu. Kama kioo kimekufa kabisa, badilisha kioo kwanza.

Ng'ombe na majani

Mfugaji anajua: huwezi kuleta ng'ombe kumi kwenye majani ya ng'ombe wawili. Umeme wa pikipiki ni vile vile. Injini ikizunguka inatoa umeme kiasi fulani, na batri ni ghala tu, haitengenezi kitu. Taa zikila zaidi ya ile inayotoka, ghala linapunguka pole pole, siku moja unaukuta mlango wazi na ndani hakuna kitu. Ndivyo ilivyokuwa kwa wale wa maziwa.

Hesabu ni rahisi: gawa wati kwa volti 12, utapata amperi. Taa mbili za ampule ya zamani, wati 55 kila moja, ni wati 110, yaani amperi 9 na zaidi. Pikipiki ndogo haiwezi kulisha hiyo. Taa mbili za ledi za wati 10 kila moja ni wati 20, hazifiki amperi 2, na mwanga wake unatosha kazi yetu. Kwa hiyo shauri langu ni moja tu hapa: ledi, ndogo, mbili. Ampule za zamani ziache kwa magari.

Lakini namba ya karatoni usiiamini. Taa nyingi za sokoni zimeandikwa namba ambayo muuzaji mwenyewe anacheka ukimuuliza. Nenda na fundi mwenye kipima-umeme, aunganishe taa kwenye batri palepale dukani na asome amperi. Ikisoma amperi 1 na kidogo, hiyo ni taa ya wati 14 hivi, hata kama karatoni inasema 100. Si lazima uikatae! Labda wati 14 ndiyo unayohitaji. Lipa tu bei ya 14.

Ukishaifunga, pima tena. Washa injini, washa taa zote, vuta gesi kidogo kama mtu anayepanda mlima kwa vitesi ya pili, na soma volti kwenye miguu ya batri. Ikibaki juu ya 13, batri inapata chakula. Ikiteremka chini ya 13 na inaendelea kuteremka, taa zinakula akiba. Zima moja, au rudisha zote kwa muuzaji. Kipimo hiki ni cha dakika tano. Wale wa maziwa hakuna aliyewafanyia.

Mwanga uanguke fasi gani

Kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, pikipiki inakula mita 11 kila sekunde. Mpaka macho yaone shimo na mkono ushike freno, mita 17 zimekwisha pita. Ongeza mita 15 za kusimama kwenye changarawe: zote 32. Kwa kilomita 60 inafika karibu mita 60, na ukiwa na magunia ni zaidi. Basi taa inayoonyesha mita 35 vizuri inakuruhusu kwenda 40, si 60. Motari wengi wakipata taa mpya wanaongeza kasi, na faida yote ya taa inapotea hapo.

Kuna taa ya mwanga mwembamba unaokwenda mbali, na taa ya mwanga mpana unaolala chini. Kwenye njia yenye mashimo na watu pembeni, chukua ile ya mwanga mpana. Ifunge chini ya taa kubwa, kwenye chuma cha kukinga miguu, moja kushoto na moja kuume. Ukungu wa Kibumba asubuhi unamrudishia mtu mwanga wake kwenye macho. Taa iliyo chini inapita chini ya macho yako, na rangi ya manjano inachokesha macho kidogo kuliko ile nyeupe inayovuta kwenye bluu. Usidanganyike kwamba manjano inatoboa ukungu. Kinachosaidia zaidi ni taa kuwa chini.

Sasa kipimo cha ukuta. Simamisha pikipiki mita 5 mbele ya ukuta, usiku, fasi iliyo sawa. Weka alama ukutani kwa urefu ule ule wa taa toka chini. Mwanga mkali uishie sentimita 10 chini ya alama. Taa iliyo sentimita 70 juu ya ardhi itagusa njia kwenye mita 35, ile tuliyohesabu.

Na jambo ambalo mafundi wengi wanasahau: fanya kipimo hiki pikipiki ikiwa imebeba. Pakia magunia ya kawaida na motari akae juu. Nyuma ikizama sentimita 3 tu, mwanga kwenye ukuta unapanda karibu sentimita 12. Taa uliyoirekebisha vizuri bila mzigo, sasa inapiga macho ya watu.

Angalia pia pande mbili za mwanga. Taa zingine zimetengenezwa ili upande mmoja upande juu kidogo, uonyeshe kandokando ya njia. Zile za inchi zinazotembea kushoto, kama Uganda, Kenya na India, zinainua upande wa kushoto. Hapa Congo tunatembea kuume, kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Kama ukutani upande wa kushoto umepanda, usinunue.

Mwenzako huyo mara nyingi ni mtu wa chukudu. Anateremka toka Kibumba na mamia ya kilo za viazi au makala, hana taa hata moja, freno yake ni kipande cha mpira na mguu. Ukimpofusha hawezi kusimama, na wewe hukumwona. Kwa hiyo weka swichi ya taa za kuongeza karibu na kidole gumba, uzime kila unapoona mtu mbele, ubaki na taa ya chini tu. Na kama chukudu wanabebea kooperative yenu, wapeni utepe unaoangaza, mwekundu nyuma na mweupe mbele. Ni franga kidogo, hauli batri, na pesa ya kooperative ikitosha kitu kimoja tu, mimi ningeanza na utepe mbele ya taa.

Waya

Usikubali fundi aunganishe taa mpya kwenye waya ya taa ya zamani. Kwenye pikipiki nyingi ndogo ile waya inatoka moja kwa moja kwenye injini bila kupita batri; ledi itametameta na itakufa mbio. Umeme utoke kwenye batri, upite kwenye fizibule ya amperi 5 iliyofungwa karibu kabisa na batri, halafu kwenye rele inayofunguka na ufunguo wa kontakti. Hivyo, ukitoa ufunguo, taa haziwezi kubaki zinawaka sokoni. Waya ya 1,5 inatosha. Bila fizibule, waya ikichubuka kwenye chuma, inaungua chini ya kiti, na petroli iko karibu.

Kwa mvua yetu, tafuta taa iliyoandikwa IP67: 6 ni vumbi halipiti, 7 ni kuvumilia maji ya mita moja kwa nusu saa. Maungio ya waya yafunge na kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, yaangalie chini ili maji yatiririke. Na kila siku ya soko, mbele ya kupakia, motari ashike kila taa kwa mkono na kuitikisa. Njia ya lava inafungua vise zote, na taa iliyolegea inaanza kutazama juu mwenyewe akiwa hajui.